Kutoka Nasaba hadi Mwenendo: Muungwana katika Maandiko ya Malezi ya Kiswahili

Kamusi ya A. C. Madan, iliyochapwa Oxford mwaka 1903, inalipa neno muungwana maana mbili zilizokaa bega kwa bega: mtu asiye mtumwa, na mtu mwenye adabu na malezi mema. Msomaji wa leo huipokea ya pili, na ya kwanza huidhani ni masalio tu. Hata hivyo, kwa muda mrefu wenyeji wa miji ya pwani hawakuona kuwa hizi ni maana mbili. Adabu ilihesabiwa kuwa mali ya aliyezaliwa huru, na aliyezaliwa utumwani alionekana kuikosa tangu tumboni. Namna maana hizo zilivyoachana inaonekana vizuri katika maandiko yaliyokusudiwa kumlea mtu.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amelemewa na maradhi, naye anamwita binti yake asogee na wino na karatasi apokee wosia. Mpangilio wa wosia huo unastahili kuangaliwa. Kwanza ni dini, kisha adabu pamoja na ulimi mwema, kisha ukweli. Mambo ya mume yanakuja baadaye. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke, na wasomaji wengi tangu hapo wameusoma kwa jina hilo badala ya kuusoma kwa beti zake. Ukweli ni kwamba beti za mwanzo zinamjenga mtu kabla ya kumjenga mke.

Lakini miongoni mwa mafunzo hayo limo katazo ambalo walimu wa fasihi hulipita mbiombio: binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Si haki kulipita. Katazo hilo halikuingia kwa bahati mbaya katika utendi ambao vinginevyo ni mpole. Ni sehemu ya hoja yake. Uungwana wa Siu ulihitaji mtu wa kusimama upande wa pili wa mpaka, na mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba ileile, akipika na kuchota maji.

Mpaka wenyewe umeelezwa kinaganaga katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen, pia mwaka 1903. Sehemu kubwa ya maelezo yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Humo tunasoma kuwa hapo zamani mtumwa hakuvaa kofia wala mitawanda alipofuatana na waungwana, wala kanzu ndefu ya kufika miguuni. Kwa hiyo hadhi ilisomeka mwilini kabla mtu hajafungua kinywa. Ndiyo sababu baada ya utumwa kupigwa marufuku, Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, walioachwa huru walikimbilia nguo zilezile walizonyimwa. Walielewa vyema kilichokuwa kimeandikwa juu yao.

Bara neno lilikuwa limeshaanza kulegea. Katika misafara ya karne ya 19 wapagazi na askari kutoka pwani walijiita waungwana, na baadhi yao walikuwa bado watumwa wa mtu fulani huko walikotoka. Lugha yao iliyoenea Kongo ikaitwa Kingwana. Kwa mwenyeji wa Siu jambo hilo lingekuwa kichekesho. Kwa historia ya neno ni ushahidi wenye uzito, maana unaonyesha kuwa wale waliotengwa na jina hawakungoja serikali iwape.

Methali isemayo muungwana ni vitendo inapaswa kusomwa ndani ya mvutano huo. Leo husemwa kumhimiza mtu atimize ahadi. Katika mji ambao uungwana ulikuwa wa kuzaliwa nao, kauli hiyo ilikuwa ubishi.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 katika ukoo wenye asili ya Kiyao, asingehesabiwa kirahisi miongoni mwa waungwana wa Siu ya 1858. Naye aliwaandikia wanawe wosia kwa bahari ileile ya utenzi: Adili kwa mwana wa kiume na Hati kwa binti yake Mwanjaa. Umbo ni la Mwana Kupona, mzazi akimhutubia mtoto, lakini neno alilolitundika mlangoni kwa mwanawe si uungwana. Ni adili, lenye asili ya Kiarabu katika maana ya haki na usawa, nalo halimuulizi mtu amezaliwa na nani. Hati nayo ilipoandikwa, takriban karne moja baada ya wosia wa Siu, hapakuwa tena na mtumwa jikoni ambaye Mwanjaa angeambiwa ajitenge naye.