Deira, pembeni ya maji: mambo ya kujua kabla ya safari ya kwanza ya Dubai

Sokoni Butembo na Beni, Dubai ni jina la kila siku. Simu zimetoka Dubai, sahani zimetoka Dubai, piyesi za pikipiki vilevile, hata kama kiwanda chenyewe kiko China. Anayesafiri kule mara ya kwanza anawaza yale majumba marefu ya kwenye picha. Lakini wafanyabiashara wetu wakisema "nilikuwa Dubai", mara nyingi wanasema juu ya sehemu moja tu ya zamani: Deira, pembeni ya maji. Burj Khalifa, ule mnara wa mita 828, wengi wanauona kwa mbali tu, wakiwa ndani ya teksi.

Makala hii ni ya yule ambaye zamu yake ya likelemba imefika, paspoti na viza viko mkononi, na bado hajakanyaga kule. Feza anayobeba si yake peke yake. Iko ya dada zake wa likelemba, iko ya shemeji, pengine iko ya shamba lililouzwa. Ndiyo maana tunaanza na maji, si na maduka.

Maji yale ni nini?

Si mto, na si ziwa. Aliyezoea Semuliki, au ziwa Edouard pale Kyavinyonge, anaweza kudanganyika. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya inchi kavu na kupinda katikati ya muji, maji ya chumvi. Waarabu wanauita khor, na Waswahili wa pwani walichukua neno hilohilo wakasema hori. Kwenye vibao utasoma Dubai Creek. Ukisimama Deira, ng'ambo unayoiona ni Bur Dubai. Ukifuata maji mpaka ndani kabisa unafika Ras Al Khor, mahali penye kulindwa, ambapo heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wanasimama ndani ya maji huku magari yanapita nyuma yao. Mwaka 2016 serikali ya kule ilimaliza kuchimba mfereji unaorudisha maji hayo baharini kwa upande mwingine.

Inafaa kujua kwamba muji ule ulianza na hori hiyo, haukuanza na mafuta. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtawala wa wakati ule, Sheikh Maktoum bin Hasher, aliondoa ushuru kwa wafanyabiashara, na matajiri wa pwani ya Uajemi wakahamia kwake na mali yao. Baadaye mchanga ukaanza kujaza hori, majahazi yakawa yanakwama. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum akakopa feza, akaichimbisha na kuipanua, kazi iliyoendelea kati ya 1959 na 1961. Daraja la kwanza, la Al Maktoum, lilifunguliwa mwaka 1963. Mafuta yalipatikana mwaka 1966, yaani nyuma ya hayo yote. Sisi wa Butembo, ambao tumeona wafanyabiashara wakichangishana ili barabara ipitike, hadithi hiyo si ngeni kwetu. Tofauti ni kwamba kule mwenye kukopa alikuwa serikali.

Kuvuka kwa dirhamu moja

Kitu cha kwanza cha kufanya, mbele ya kuingia butike yoyote, ni kuvuka maji. Kuko mitumbwi ya mbao yenye injini na kivuli, inaitwa abra. Abra moja inabeba watu kama 20, wameketi kwenye benchi katikati, migongo kwa migongo, kila mmoja anatazama maji. Kwa miaka mingi bei imekuwa dirhamu 1, unampa nahodha mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo uwe na sarafu. Safari ni dakika chache tu. Abra haifungwi kamba ngumu wakati watu wanapanda, inasogea, inarudi. Mama mwenye kitenge cha kubana na muzigo mkononi aangalie mguu wake pale. Usisimame njiani ili kupiga picha.

Upande wa Bur Dubai unashukia karibu na soko la vitambaa. Ukitembea kidogo unafika Al Fahidi, kata ya nyumba za zamani za wale matajiri wa Uajemi. Juu ya nyumba kuna minara yenye kukamata upepo na kuushusha chini vyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa baridi yao mbele ya umeme. Ngome ya Al Fahidi iko pale, ilijengwa mwaka 1787, na hakuna jengo la zamani kuliko hilo ambalo mgeni ataonyeshwa katika muji.

Jambo moja juu ya joto. Mtu wa Butembo amezoea baridi ya mlimani, anatoka nyumbani na sweta asubuhi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa Deira inapita digrii 40, na unyevu wa bahari unafanya jasho lisikauke. Watu wa kule wanatembea asubuhi na jioni. Fanya kama wao. Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu ni muzuri zaidi, ila hoteli zinapanda bei.

Barabara ya majahazi

Rudi Deira na ufuate barabara ya Baniyas inayokwenda pembeni ya maji. Hapo kwa miaka mingi majahazi makubwa ya mbao yalikuwa yanafungwa bega kwa bega, yakipakia friji, magurudumu, mchele, magodoro, ya kwenda Iran na Somalia. Mizigo ilipangwa kwenye njia ya miguu, wazi, na haikuibiwa. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo imesogezwa kwenye gati mpya mbele ya bahari, lakini majahazi bado unayaona. Ni ndugu wa yale yaliyokuwa yanashuka na upepo wa kaskazi mpaka Mombasa na Zanzibar, na kurudi na kusi. Kiswahili unachosoma hapa kilipanda kutoka pwani ile mpaka kwetu kwa njia hiyohiyo ya biashara.

Ndiyo maana pia usishangae ukisikia lugha yako. Katika vichochoro vya Naif na karibu na uwanja wa Baniyas, Watanzania, Wakenya, Wasomali na Wakongomani wamenunua kwa muda mrefu, na wauzaji wengi, hata Wahindi na Wapakistani, wanajua "karibu", "bei ya mwisho" na hesabu mpaka elfu.

Masoko mawili, na dhahabu yetu

Soko la viungo linaanza karibu na gati ya abra. Karafuu, iliki, zafarani, ubani, ndimu zilizokaushwa za Oman. Ni mahali pazuri pa kunusa na pabaya pa kununua haraka. Muuzaji anaweza kukutajia namba ndogo sana ya zafarani, unafurahi, kumbe ni bei ya gramu moja na amekwisha kukupimia kumi. Uliza: hii ni bei ya gramu ngapi? Uliza mbele hajafunga.

Soko la dhahabu liko dakika chache kwa miguu. Kwenye kioo cha butike moja kunaonyeshwa pete yenye zaidi ya kilo 58 za dhahabu, watu wanapiga picha pale mpaka usiku. Bei ya gramu ni ya siku hiyo, inatangazwa, na haijadiliwi sana. Kinachojadiliwa ni malipo ya kazi ya sonara. Asiyejua anabishana juu ya gramu na kuachilia malipo ya kazi yapite bila neno.

Kwa sisi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, soko lile lina uchungu wake. Wataalam wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka kwa mwaka kwamba dhahabu nyingi ya wachimbaji wetu inavuka mipaka kwa magendo na kuishia Dubai. Unaweza kusimama mbele ya kioo na kutazama kitu kilichotoka nyumba ya pili na kwenu, na usiweze kukijua tena. Kuhusu wewe mwenyewe, mtu akikuomba umubebee "kakitu kadogo" mpaka Dubai, kataa, hata akiwa wa ukoo. Kataa pia dawa. Dawa za maumivu zenye tramadol au codeine, ambazo hapa zinauzwa kama karanga, kule zinaweza kukufungisha.

Anayekupeleka butikeni

Hapa ndipo feza inapotea kwa wingi kuliko kwa wezi. Utatoka hoteli siku ya kwanza, na kijana mwenye adabu atakuita: "Papa, kuya, minakuonyesha magazini ya bei muzuri. Miye pia ni mutoto wa Kongo." Pengine ni kweli. Na kazi yake ni ya halali: anajua milango, anajua lugha, anakuokolea siku mbili za kupotea. Lakini mara nyingi butike inamulipa juu ya kile unachonunua, na wewe pia unamulipa, na ile sehemu ya butike imekwisha kuingizwa ndani ya bei yako. Si matusi kumuuliza mapema: "Ndugu, wewe unakula wapi, kwangu ao kwao?" Patana naye kiasi cha siku, kwa namba, kabla ya kutembea.

Tunachopendekeza ni hiki: siku ya kwanza usinunue kitu chochote. Tembea peke yako ao na mwenzako wa safari, na daftari. Kitenge kilekile, kifurushi kilekile cha chaja, kiulize bei katika butike tano. Uliza bei ya kimoja, bei ya katoni, na bei ya katoni kumi. Utaona namba zinavyocheza ndani ya mtaa mmoja. Kijana akija kesho yake, daftari lako litakuambia kama anakusaidia. Kulala usiku mmoja zaidi kunagharimu, ndiyo, lakini linganisha na katoni 40 zilizonunuliwa kwa bei ya mgeni.

Juu ya feza: dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 ni dirhamu 3.67 hivi. Kwa hiyo dola 100 zinakaribia dirhamu 367, na ofisi ya kubadilisha inakata kidogo. Akikupa 340, ondoka. Kwenye uwanja wa avio badilisha ile ya teksi tu. Tangu 2018 kuko ushuru wa asilimia 5 juu ya mauzo. Mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa wakati wa kuondoka kwa vitu anavyobeba mwenyewe, kama butike iko katika mpango huo na amenunua kuanzia dirhamu 250. Omba karatasi yake hapohapo, na paspoti yako iwe karibu.

Vitu vidogo vinavyogharimu

Kuvuka barabara ya Baniyas mahali pasipo alama, kama tunavyovuka kwetu, ni faini ya dirhamu 400. Katika metro, kuko behewa la wanawake na watoto, limewekewa alama. Baba akiingia mle kwa haraka, dirhamu 100. Kula na kutafuna shingamu ndani ya metro, vilevile. Usipige picha ya watu bila ruhusa, zaidi wanawake. Ijumaa, karibu saa saba mchana, maduka mengi yanafungwa kwa sala, kisha yanafunguliwa na kuendelea mpaka usiku. Saa yako isogeze mbele: kule wametangulia Butembo kwa saa mbili.

Mpaka Kasindi

Muzigo mkubwa hauondoki kwenye hori. Unakusanywa na watu wa kontenere, wengi wanachangia kontenere moja, unatoka bandari ya Jebel Ali mpaka Mombasa, halafu kamiyo inapita Malaba ao Busia, Kampala, Mpondwe, na kuingia kwetu Kasindi. Ukiwa na daftari mkononi Deira, kila bei iandike pamoja na njia hiyo yote. Kontenere, bima, Mombasa, Uganda, DGDA na OCC pale mpakani, na kile kipande cha mwisho, Kasindi mpaka Beni, ambacho magaidi wamekwisha kuchoma magari juu yake mara nyingi na ambapo kamiyo inaweza kulala siku ikingojea kusindikizwa na wanajeshi. Kitu kinachoonekana bei chini Deira kinaweza kufika Butembo sawa na cha Kampala. Hasa vyombo vizito na vyenye kuvunjika.

Faktire iandikwe kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye paspoti, na idadi ya vitu ilingane na iliyo kwenye orodha ya kontenere. Mwenye kontenere akikuambia "acha, tutaandika pamoja na za wengine", mwambie aongeze mstari wako peke yake. Kopi moja itume kwa simu nyumbani usiku uleule, kabla hujalala.