Santuri ya Dúlamán na Lugha ya Kiairishi

Katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Ireland, jimboni Donegal, iko wilaya iitwayo Gaoth Dobhair, ambayo wenyeji wake wengi hata leo husema Kiairishi majumbani mwao. Huko ndiko lilikotoka kundi la Clannad, lililotoa santuri iitwayo Dúlamán mwaka 1976.

Ili kuifahamu thamani ya santuri hiyo, yafaa kwanza kukumbuka yaliyoipata lugha yenyewe. Njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kadiri hiyo wakaihama nchi. Msiba huo ulizidi upande wa magharibi, ambako Kiairishi kilikuwa kingali lugha ya kila siku. Tena Kiingereza ndicho kilichotawala shuleni, mahakamani na sokoni, hata wazazi wengi wakaona heri watoto wao wajue hicho. Chama cha Conradh na Gaeilge kiliundwa mwaka 1893 ili kuitetea lugha, na katiba ya mwaka 1922 ikaifanya lugha ya taifa. Lakini cheo peke yake hakikuirudisha vinywani mwa watu.

Clannad lilianzishwa mwaka 1970 na ndugu watatu wa nyumba ya Brennan, yaani Máire, Ciarán na Pól, pamoja na wajomba zao mapacha, Noel na Pádraig Duggan. Santuri yao ilitolewa na Gael Linn, shirika lililoundwa mwaka 1953 kwa ajili ya kuieneza lugha. Dúlamán ni jina la mwani ambao watu wa pwani waliuokota miambani, na siku za njaa ulikuwa chakula cha maskini.

Humo umo pia wimbo wa Siúil a Rún, ambao beti zake ni za Kiingereza na kiitikio chake ni cha Kiairishi. Wimbo wa namna hiyo ni ushahidi wa historia: lugha mpya imekwisha kushika masimulizi, nayo ya kale imebaki mahali pa huzuni na mapenzi.

Waimbaji wa kale waliimba mtu mmoja mmoja, bila ala. Clannad waliongeza kinubi, gitaa na filimbi, na kuimba kwa sauti nyingi pamoja. Yaweza kusemwa kwamba desturi iliharibiwa. Walakini wimbo usioimbwa na vijana hufa pamoja na wazee wake. Mwaka 1982 wimbo mwingine wa kundi hilo, ambao sehemu yake kubwa ni Kiairishi, ulifika nafasi ya tano katika mauzo ya Uingereza.

Santuri haiwezi kuiponya lugha, kwa maana lugha huishi kwa kusemwa nyumbani. Ila yaweza kumwondolea mtoto haya ya kuisema, na haya hiyo ndiyo iliyowanyamazisha babu zake.