Wimbo Usiojua Mlengwa Wake

Mwaka 1927, filamu zilipoanza kusema, kampuni ya De Wolfe ya London ilianza kurekodi muziki ambao haukuwa wa filamu yoyote. Mwanzilishi wake, Meyer de Wolfe, alikuwa ameifungua mwaka 1909 akisambaza nota kwa wapiga muziki wa majumba ya sinema, wale waliokaa mbele ya pazia la filamu bubu wakafuata kwa kinanda au fidla kile kilichoonyeshwa: farasi wakikimbia, mjane akilia, mwizi akinyata. Sasa kazi hiyo ikahamia kwenye santuri, na mtunzi akawa anaandika huzuni ya dakika mbili bila kujua ni nani atakayeomboleza. Mwaka uliofuata mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zao kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri hizo zikanunuliwa kwa maelfu katika Afrika Mashariki.

Matukio hayo hayakuhusiana. Nayaweka bega kwa bega kwa sababu muziki wa maktaba, yaani ule unaotungwa mapema kisha ukakodishwa kwa leseni kwa watengeneza filamu, vipindi na matangazo, una undugu na taarab zaidi ya unavyodhaniwa. Katika sanaa zote mbili mtunzi hujenga wimbo huku akiacha nafasi ambayo mtu mwingine ataijaza kwa haja yake. Njia zinaachana panapoulizwa nani aliyeijaza nafasi hiyo, nani aliyeshuhudia, na nani aliyelipwa. Kwa kijana wa Mombasa au Dar es Salaam anayetunga peke yake chumbani, na kompyuta moja na vipokea sauti masikioni, maswali hayo matatu ndiyo riziki yake yote.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya KPM ya London ilianza kutoa mfululizo wa santuri zenye majalada ya kijani yaliyofanana. Hazikuuzwa dukani. Zilipelekwa kwa wahariri wa televisheni, redio na filamu, na kila kipande kiliandikiwa muda wake pamoja na maneno machache ya kukieleza: mwendo wa kasi, asubuhi njema, mitambo, mashaka. Mhariri alichagua, akatumia, kisha malipo yakahesabiwa kwa muda aliotumia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliipinga kazi hii kwa miaka mingi, kikihofia kwamba santuri zitawanyang'anya ajira wapiga ala, ndiyo maana vipande vingi vilirekodiwa Ujerumani na Ubelgiji.

Miongoni mwa watunzi hao alikuwamo Alan Hawkshaw, mpiga kinanda mzaliwa wa Leeds. Kipande chake kiitwacho "Chicken Man" kilichukuliwa na BBC mwaka 1978 kuwa utambulisho wa Grange Hill, tamthilia ya wanafunzi. Mwaka uliofuata kituo kingine cha Uingereza kikakitumia, kikiwa kimepigwa kwa namna nyingine, kufungulia Give Us a Clue, mchezo ambao watu wazima hukisia majina kwa ishara za mikono. Tuni ni ile ile. Upande huu ilibeba kelele za watoto kwenye foleni ya chakula, upande ule ikabeba vicheko vya watu mashuhuri sebuleni. "Heavy Action" ya Johnny Pearson nayo ilifungua mashindano ya wanamichezo kwenye BBC, na ng'ambo ya Atlantiki ikawa mlio wa soka la Kimarekani la Jumatatu usiku. Mamilioni waliujua muziki huo kwa moyo bila kulijua jina la aliyeutunga.

Ufundi wake haupaswi kudharauliwa, ingawa wengi huudharau. Kipande cha maktaba hushika hisia moja na kukaa nayo. Mtunzi akianza na furaha hamalizii na majuto, maana mhariri atakosa pa kukata. Kila baada ya mizunguko michache huacha pumziko dogo ambapo mkasi unaweza kupita bila kusikika, na mwisho wake huwa mkavu, unaoisha pamoja na neno la mwisho la tangazo. Kisha hukitoa upya kwa sekunde 60, 30 na 15, na mara nyingine bila ngoma, au bila ile sauti inayobeba tuni, ili msimulizi apate pa kuweka maneno yake. Mtunzi anayependa kila noti yake isikike atateseka katika kazi hii.

Sasa twende ukumbini, Unguja au Tanga, usiku wa taarab. Mshairi ametunga maneno juu ya jirani mwenye wivu, au mti uliokataa kuzaa, au chombo kilichoondoka na tanga la mwenzake. Hakuna jina lililotajwa. Mwimbaji anaufikia ubeti fulani, na mwanamke mmoja anainuka kitini. Anacheza taratibu kuelekea jukwaani, noti imebanwa kati ya vidole, na njia anayoichagua inapita karibu na meza ya mtu fulani. Anamtunza mwimbaji, anaunyoosha mkono juu, anarudi alikokuwa. Kuanzia hapo ubeti ule ni wake, na yule wa mezani anajua umeelekezwa kwake. Wiki ijayo, katika harusi nyingine, ubeti huo huo utainuliwa na mtu mwingine dhidi ya adui mwingine kabisa.

Mwanamke huyo anafanya kazi ya mhariri. Amekuta wimbo uliokwisha kutungwa, akauweka juu ya picha yake mwenyewe, na maana yake ikabadilika bila neno hata moja kuguswa. Kanga hufanya vivyo hivyo: jina la kanga, yaani usemi wake, huchapwa kiwandani bila kumlenga yeyote, anayeivaa ndiye huipa shabaha. Tena kwenye pindo la kanga za Mali ya Abdulla, biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887, jina la mwenye biashara limechapwa wazi. La aliyetunga usemi halipo. Kasoro hiyo ndogo ya pindo la nguo inatufikisha kwenye kiini cha jambo.

Kabla ya hapo niseme ni utamaduni upi ninaouona wenye kazi ngumu zaidi. London huiacha nafasi kwa kuyaondoa maneno. Ukishatoa maneno, tarumbeta haiwezi kumtaja mtu. Mshairi wa pwani huiacha nafasi hiyo huku akitumia maneno yenyewe, yenye vina na mizani, yanayouma kweli bila kumng'ata mtu mahususi. Huko ni kuutawala utungo kwa kiwango cha juu sana, na ninaamini aliyelelewa na mafumbo anaingia katika muziki wa maktaba akiwa tayari na nusu ya ufundi mkononi.

Nusu iliyobaki ni ushahidi. Ukumbini matumizi ya wimbo yana mashahidi. Fedha hutolewa papo hapo, hadharani, na anayeitoa hutaka aonekane akiitoa. Lakini tazama inakokwenda: kwa mwimbaji na kikundi. Katika vikundi vikongwe vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, mara nyingi mmoja alitunga maneno, mwingine akatia muziki, wa tatu akaimba. Wa tatu ndiye aliyetunzwa. Wa kwanza alibaki na heshima mtaani, na heshima ni kitu kikubwa, ila hainunui nyuzi mpya za ala ya kanuni.

Katika muziki wa maktaba shahidi ni karatasi. Kipindi kinapokamilika, mtayarishaji hujaza orodha ya muziki wote uliomo: jina la kipande, mtunzi, mchapishaji, sekunde ngapi, na kama ulisikika peke yake au nyuma ya mazungumzo. Karatasi hiyo hupelekwa kwa vyama vya kukusanya mirabaha, kama PRS ya Uingereza na ASCAP ya Marekani, vilivyoanzishwa vyote viwili mwaka 1914. Kwa desturi ya Marekani mrabaha wa utangazaji hugawanywa nusu kwa nusu baina ya mtunzi na mchapishaji, na fungu la mtunzi hutumwa kwake moja kwa moja na chama. Fedha huchelewa, mara nyingi zaidi ya nusu mwaka, lakini humfuata mtu ambaye hakuonekana na hakuna aliyemjua. Kwa hili London imetushinda. Karatasi inamkumbuka mshairi ambaye ukumbi umemsahau.

Ila karatasi ina nguvu pale tu inapojazwa na pale mtunzi anapokuwa bado na haki ya kuandikwa ndani yake. Mwimbaji Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na haki zake zikauzwa kwa shilingi kumi. Tuni ile ikawa "The Lion Sleeps Tonight", ikaingia katika The Lion King, na mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, zaidi ya miaka arobaini baada ya kumzika baba yao. Kwetu bendi nyingi za dansi zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania, kwa sababu studio nyingine zilikuwa chache mno na wengine walilazimika kwenda Nairobi. Kanda zilipigwa hewani miaka nenda miaka rudi. Nchi nzima ilikuwa shahidi wa matumizi hayo, na bado wazee wengi waliopiga magitaa hayo wamezeeka mikono mitupu.

India inafaa kutajwa hapa, na pwani yetu ina sababu ya kuitazama kwa makini. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa kuvisha mashairi ya Kiswahili tuni za filamu za Kihindi, na watunzi wa Bombay hawakuombwa ruhusa. Nampenda Bhalo na sitaki kumhukumu. Enzi hiyo hata huko Bombay kwenyewe mtunzi alimwachia mtayarishaji wa filamu karibu kila kitu. Hilo lilibadilishwa na sheria. Marekebisho ya mwaka 2012, yaliyopiganiwa kwa nguvu na mshairi Javed Akhtar akiwa bungeni, yalisema mtunzi wa maneno au wa muziki uliomo katika filamu hawezi kuiachia kwa mkataba haki yake ya mgawo sawa wa mirabaha, wimbo unapotumika nje ya jumba la sinema. Hata akitaka, sheria haimruhusu. Waliotunga kifungu hicho walijua kwamba mtu mwenye njaa husaini chochote.

Kenya ilipata chama cha mirabaha cha MCSK mwaka 1983, Tanzania ikapata COSOTA kwa sheria ya 1999, na vyote viwili vilijua kudai kwenye baa na mabasi. Kijana wa kompyuta moja anakabiliwa na kitu kingine. Kampuni za intaneti zinamtaka auze moja kwa moja. Epidemic Sound ya Stockholm, iliyoanza mwaka 2009, ilijijenga kwa kununua haki za kipande kwa malipo ya mara moja na kutaka watunzi wasiwe wanachama wa vyama vya mirabaha. Mtindo huo siuiti wizi, kwani bei ilielezwa na wengi walilipa kodi ya nyumba kwa fedha hiyo. Nauita biashara inayoifuta karatasi. Mwishoni mwa 2019 kampuni ya televisheni ya Discovery iliwataka watunzi wa vipindi vyake waachie mirabaha ya utangazaji nchini Marekani. Watunzi wakapaza sauti pamoja na kampuni ikarudi nyuma. Walikuwa watu wenye mawakili na majina makubwa. Anayetuma kipande chake akiwa Kinondoni hana sauti hiyo, basi kinga yake iwe ni kusoma mkataba mpaka kifungu cha mwisho.

Kuna pia mtego wa kupeleka kipande kimoja kwa maktaba nyingi zisizodai haki ya pekee. Unaonekana kama kupanda shamba pana, lakini kipande kikisajiliwa kwa majina tofauti, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki huanza kutoa madai yanayogongana, mteja aliyelipa anazuiwa, na asirudi tena. Ushahidi ukiwa mwingi na unapingana, hakuna anayelipwa.

Linaloniuma zaidi ni sehemu iitwayo "Afrika" katika katalogi kubwa za muziki huu. Humo mna ngoma nyingi, marimba, kwaya ya mbali, na nyanda za wanyama. Kanuni ya Unguja ni nadra kusikika humo, hali kadhalika nzumari ya Lamu na bashrafu, muziki wa ala tupu unaofungua usiku wa taarab. Mtengeneza filamu akitaka mji wa mawe alfajiri, ataishia kupewa Misri au Serengeti. Pengo hilo litazibwa na mtu. Kinachobaki ni kama atakuwa wa hapa, na jina lake likiwa kwenye karatasi.

Chuo cha muziki cha Dhow Countries kimekuwa kikifundisha ala hizi Unguja tangu mwaka 2002, na wahitimu wake wanapiga kwa ustadi wa kuweza kuingia studio yoyote duniani. Ningependa somo la utunzi la hapo, na la kila chuo cha muziki kuanzia Bagamoyo hadi Nairobi, lianze kwa mwanafunzi kukata bashrafu ndefu apate sekunde 30 zenye hisia moja, kuziandikia maelezo ambayo mhariri wa Oslo atayaelewa, na kujaza karatasi yake ya matumizi yenye mistari mitatu tofauti: aliyetunga maneno, aliyetia muziki, aliyepiga.