Njia ya Wapagazi

Mzazi atembeaye na wanawe kutoka Newala hadi ukingo wa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetanda chini, limetulia. Novemba 1917, baada ya mapigano ya Mahiwa, Lettow-Vorbeck alipita Newala akiwakimbia Waingereza. Tarehe 25 akavuka mto na kuingia Msumbiji. Jina lake limo vitabuni. Lakini mizigo, yake na ya adui zake, ilikwenda vichwani mwa wapagazi, juu ya uwanda usio na maji. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa vitani wanakadiriwa kuzidi 90,000. Kikosi chao kimeiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Mtoto akiuliza nani alipita hapa, tuanze na wao.