Vipuri Visivyouzwa: Jinsi Peugeot za Zamani Zilivyodumu Ukambani

Kutu haijawahi kuwa adui mkubwa wa magari ya zamani Kitui na Makueni. Pwani, chumvi ya bahari hutafuna mlango wa gari huku mwenyewe akiuangalia. Huku kwetu ukame uleule unaowatesa wakulima wa Mutomo, Ikutha na Mtito Andei umeyahifadhi mabati. Peugeot 404 iliyolazwa juu ya mawe nyuma ya duka kwa miaka mingi inaweza kukutwa sakafu ingali nzima, ila kila kilicho cha mpira kimepasuka kwa jua: kingo za vioo, hozi za rejeta, bushi, mipira ya breki. Ulaya, anayefufua gari kama hilo huanza kwa kupiga welding mabati yaliyooza. Huku bodi ipo, na shida ni vipuri. Shida hiyo imedumu muda mrefu kiasi cha kuzaa ufundi wake.

Mizizi yake iko relini. Reli kutoka Mombasa ilikatiza Kibwezi na Makindu ikielekea Nairobi, ilikofika 1899, na miongoni mwa walioletwa kuijenga na kuitunza walikuwa maseremala na wahunzi wa Kipunjabi. Gurdwara ya Makindu, hekalu la Wasikh lililojengwa 1926, bado humlisha msafiri wa barabara ya Mombasa bila kumdai senti. Watoto na wajukuu wa wahunzi wale walifungua gereji katika miji mingi ya Kenya, na kwa wananchi jina kalasinga, wanaloitwa Wasikh, likawa karibu sawa na fundi wa magari. Ndani ya gereji hizo ndimo vijana wa Kiafrika walimoingia wakiwa spana boi. Kazi ilikuwa kushika taa, kuosha vyuma kwa petroli na kumkabidhi fundi spana kabla hajaitaja namba. Hapakuwa na cheti. Aliyekuwa na macho alitoka akijua kufungua injini na kuirudisha.

Mwana wa kalasinga mmoja, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya awali kabla halijawafikia. Wafaransa nao walijenga jina lao papa hapa. Peugeot 404, iliyotoka 1960, ilitwaa Safari mwaka 1963, ikatwaa tena 1966, 1967 na 1968. Mara mbili, 1963 na 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kwa mfanyabiashara aliyehitaji gari la kupita makorongo, hilo lilitosha kuwa tangazo.

Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya biashara ya uchukuzi, na pikapu ya 404 ikapata kazi iliyoifanya maarufu kuliko ushindi wowote. Nyuma ilifungwa kibanda na viti viwili vya mbao vilivyotazamana, kisha ikajazwa watu, mbuzi, magunia ya mbaazi na mitungi ya maji. Siku ya soko hapakuwa na nafasi ya kutia mguu. 404 iliendelea kuunganishwa nchini hadi 1991, na ndugu yake 504 aliunganishwa Mombasa. Land Rover, gari la serikali na la misheni, ziliunganishwa Thika. Kwa hiyo spea zilikuwepo madukani Nairobi, hasa Grogan, kwenye Barabara ya Kirinyaga. Dereva wa Kitui alipanda basi alfajiri na kurudi jioni na pampu ya maji mapajani.

Kilichoifanya 404 irekebishike chini ya mti ni jinsi ilivyoundwa. Injini yake ya cc 1,618 ina slivu zinazozungukwa na maji na kuchomolewa moja moja. Injini nyingine zikilika, bloku hupelekwa mashineni ikachongwe upya. Ya 404 inatolewa slivu na pistoni zake, zinatiwa mpya, basi. Ila slivu lazima ichomoze kidogo juu ya uso wa bloku, la sivyo gasketi ya silinda hedi haibani na maji hupenya kwenye oili. Mwenye spidomita mbovu na taa moja bado aliweza kusafiri. Aliyekosea slivu hakufika mbali. Na betri ikifa, kulikuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono.

Gasketi ndogo hazikuwahi kuwa tatizo. Fundi hulaza karatasi ngumu juu ya uso wa pampu, akagonga ukingoni polepole kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo hadi chuma chenyewe kikate karatasi. Kwenye matundu ya bolti huweka gololi ya beringi iliyokufa na kuigonga mara moja: tundu linatoka safi kuliko la mkasi. Bushi za springi hukatwa kwenye tairi kuukuu, palepale panapotoka akala. Pini na shafti ndogo huenda kwa mwenye kerezo, naye hupima ile iliyolika na kukisia ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Ukisio huo ni elimu kubwa, na nadhani haujaandikwa popote.

Breki ni habari nyingine. Mpira wa masta silinda haukatwi kwenye tairi, na fundi anayejiheshimu hakubali kuujaribu. Huchukua ule wa zamani, akaufananisha kwa kipimo na wa gari jingine, na mara nyingi hupata. Land Rover ina bahati hapo, kwa kuwa magari mengi ya Uingereza yalishiriki breki na umeme wa watengenezaji walewale, na Uingereza bado inatengeneza spea zake kwa wingi. Shida yake ni nati: za zamani zina meno ya Kiingereza, za Peugeot zina meno ya milimita, na aliyelazimisha moja ndani ya nyingine ameharibu vyote viwili. Ndiyo maana fundi mzuri hatupi nati.

Kipuri kigumu kuliko vyote kiko nyuma. Ndani ya difu ya 404, parafujo ya chuma huzungusha gurudumu la shaba nyeusi. Difu hiyo huenda kimya kabisa na ina nguvu ya kupanda kilima na mzigo, lakini gurudumu lile likiisha meno hakuna kerezo la mjini litakaloyachonga. Dawa ni moja: kuchinja 404 nyingine.

Na 404 za kuchinja zimekaribia kwisha. Soko lilipofunguliwa miaka ya 90, magari ya Kijapani yaliyotumika yalimiminika, na maduka ya Grogan yakafuata wateja. Sheria za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, za mikanda na vidhibiti mwendo, zilimaliza biashara ya pikapu za viti vya mbao. Bodaboda zikachukua abiria wa vijijini. Gari lililolala likapimwa kwa kilo na kuuzwa chuma chakavu, difu na yote. Serikali iliposimamisha biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma, magari haya nayo yalipumua, mpaka katazo lilipoondolewa Mei. Kuagiza gari zima la zamani kutoka nje nako kunagonga sheria inayozuia magari yaliyozidi miaka minane.

Baadhi ya wapenzi wa magari hukasirika wakikuta 404 ya Ukambani ina injini ya 504. Mimi nasimama upande wa fundi. Injini ile ya cc 1,796 ni ya ukoo mmoja na ya 404, na ndiyo iliyoliweka gari barabarani wakati spea za kwanza zilipokwisha. Anayetaka kulirudisha lilivyotoka kiwandani Sochaux anaweza leo kuagiza vipuri kupitia L'Aventure Peugeot, shirika lililoanzishwa 1982 kutunza urithi wa kampuni hiyo, lakini aandike na kuhifadhi alichotoa, maana nacho ni historia ya gari.

Kwa wenye magari yaliyolala Wote, Mwingi, Kabati au Zombe ninalo ombi moja. Mnunuzi wa chuma akija na mizani yake, kwanza fungueni difu, giaboksi, kabureta, distributa, masta silinda, fremu za vioo na hendeli. Vipakwe oili na kufungwa ndani ya gunia kavu, na jina la gari na mwaka viandikwe juu yake. Kisha mwiteni spana boi wa zamani aliye hai karibu nanyi, akae na kijana, amwonyeshe kila kimoja kinafungwa vipi.