Nyumba ya Kazi za Mikono katika Mji wa Santa Fe

Katika nchi ya Marekani, pande za kusini-magharibi, uko mji uitwao Santa Fe, maana yake kwa Kispania ni Imani Takatifu. Ndio mji mkuu wa jimbo la New Mexico, nao umejengwa mahali pa juu, kadiri ya futi 7,000 juu ya bahari. Katika mji huo imo nyumba ya makumbusho ambayo hazina yake ni vyungu, vikapu, nguo zilizofumwa, vinyago, na vitu vya kuchezea watoto, kutoka nchi zaidi ya 100. Ni kazi za watu wa vijijini, watu kama sisi.

Kwanza yafaa tujue habari za nchi yenyewe. Wahispania waliujenga mji huo mnamo mwaka wa 1610, na mapadri Wafransisko waliifundisha dini katika nchi ile. Lakini Mexico ilikuwa mbali, njia ni ya jangwa, na misafara ilifika mara chache. Makanisa yalihitaji sanamu za watakatifu, wala hapakuwa na mahali pa kuzinunua. Basi wanavijiji wakazichonga wenyewe. Walitwaa mti uliopatikana karibu, wakaupaka jasi nyeupe, kisha wakatia rangi walizozipata katika mimea na udongo. Mchongaji wa namna hiyo aliitwa santero. Wengi wao hawakuandika majina yao juu ya kazi zao.

Mwaka wa 1880 reli ilifika Santa Fe. Pamoja nayo zikaja sanamu za viwandani, nyororo, zenye kung'aa, zote za sura moja. Baadhi ya mapadri waliotoka ng'ambo waliziona zile za mti kuwa kazi mbovu, na waumini nao wakaingiwa na haya. Nyingi zikaondolewa altareni, zikatiwa ghalani au zikauzwa kwa bei ndogo. Wageni walizinunua, wakazithamini, na wenyewe walipokuja kugutuka, kazi nyingi za babu zao zilikuwa zimekwisha kwenda mbali. Katika mwaka wa 1925 watu wenye kuipenda sanaa hiyo waliunda chama cha kuilinda na kuwatia moyo mafundi waliosalia.

Katika nchi hiyo alikuja bibi mmoja wa Chicago, jina lake Florence Dibell Bartlett, aliyezaliwa mwaka wa 1881. Baba yake alikuwa mfanyi biashara tajiri wa vyombo vya chuma. Bibi huyo alisafiri sana, akafika Sweden na nchi nyingine nyingi, na kila alikokwenda alinunua kazi za mikono ya watu wa kawaida. Alikuwa ameziona siku za vita kuu mbili za dunia, akasadiki ya kwamba watu wakizitazama kazi za mikono ya wenzao watatambua kuwa wao ni ndugu. Alilipa jimbo vitu vyake pamoja na mali ya kujengea nyumba. Ikafunguliwa mwaka wa 1953, naye akafariki mwaka uliofuata. Mlangoni yameandikwa maneno yake, kwamba sanaa ya fundi ni kifungo kiunganishacho mataifa ya ulimwengu.

Baadaye alitokea Alexander Girard, fundi wa kubuni nakshi za vitambaa na mapambo ya nyumba, aliyekulia Italia. Yeye na mkewe Susan walikuwa wamekusanya vitu vidogo vidogo kwa miaka mingi, na katika mwaka wa 1978 wakaipa nyumba ile vitu zaidi ya 100,000. Mwaka wa 1982 vipatavyo 10,000 viliwekwa wazi, naye Girard mwenyewe ndiye aliyevipanga, vikawa vijiji vizima vya udongo na mti: soko lina watu wake, harusi ina wageni wake. Mna pia mapango mengi ya Noeli, na kila taifa limemfanya Mtoto Yesu na wachungaji kwa sura na mavazi ya kwao. Girard hakutaka vibao vya maelezo vijae mbele ya vitu, ili kila mtu atazame kwanza kwa macho yake.

Lakini liko jambo moja la kuhuzunisha. Vingi katika vitu hivyo mfanyaji wake hajulikani. Chungu kimehifadhiwa katika kioo, na jina la mama aliyekifinyanga limepotea. Kukisifu chungu na kumsahau mfinyanzi ni nusu ya haki. Kwa hiyo nafurahi kusimulia ya kwamba tangu mwaka wa 2004 mafundi wa nchi nyingi, na za Afrika pia, wamekuwa wakikutana Santa Fe katika soko kubwa, wakauza kazi zao wenyewe, na mnunuzi akamjua aliyeifanya.

Wasomaji wapenzi, kisa cha sanamu zile za mti chatuhusu. Ni wangapi kati yetu walioficha mkeka wa nyanya yao mgeni alipobisha hodi, kwa kuona haya? Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Simwambii mtu atupe bakuli lake la dukani. Nasema tu kwamba kama yuko kijijini mwako bibi ajuaye kusuka ukili kwa nakshi za zamani, mpelekee binti yako akajifunze angali yu hai, na jina la bibi huyo uliandike. Ufundi ni kipawa cha Mungu, na mkono ukiisha kuzikwa, hakuna nyumba ya makumbusho iwezayo kuurudisha.