Sinki Imezibia Juu, Maji Yanatokea Kwangu

Wasee wangu, leo story ni ya sinki kuziba. Usipite bado, kuna mahali tunaenda.

Naishi chini kabisa kwa ploti ya ghorofa sita huku Eastlands. Bedsita. Maji ya mfereji kwetu huja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo siku ya maji kila mtu anaosha kila kitu: nguo, sufuria, watoto, viatu. Jumapili moja nilikuwa nimekaa kitandani nahariri video, nikasikia sinki inaguguma kama mtu anayesukutua koo. Kuangalia, maji ya kijivu yanapanda kutoka kwa tundu. Yakaja na wali. Yakaja na sukuma wiki. Na mimi siku hiyo sikuwa nimepika chochote, nilikuwa nimekula chapo madondo ya kununua hapo nje.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa watoto wawili, kwake ilikuwa hivyo hivyo. Yeye alishazoea. Ana kitambaa chake maalum cha kuziba tundu siku za maji.

Tukampigia landlodi. Akasema sheria ya ploti ni moja: mwenye kwake pameziba ndiye hulipa fundi.

Hiyo sentensi ilinikaa kwa kichwa. Mimi huwa nafanya video za historia, kwa hivyo nilifanya kile huwa nafanya nikikasirika: nikaenda kusoma. Nilitaka kujua watu walianza lini kuosha uchafu wa juu na kumtumia bili mtu wa chini. Na kile nimepata ni kwamba bomba la majitaka limekuwa na swali moja tangu zamani, na si swali la ufundi. Swali ni nani anasikia harufu.

Watu wa kale walijua kitu sisi tumesahau

Tuanze mbali. Karibu miaka 4,500 iliyopita kulikuwa na mji unaitwa Mohenjo-daro, kwenye bonde la mto Indus, sehemu ambayo leo ni Pakistan. Nyumba nyingi pale zilikuwa na mahali pa kuogea, sakafu ya matofali iliyoinama kidogo ili maji yatoke. Maji yalienda kwa mtaro wa matofali ya kuchoma uliopita kando ya barabara.

Sasa sikia hii. Ile mitaro ilifunikwa kwa matofali au mawe ambayo unaweza kuyainua. Na kila baada ya umbali fulani kulikuwa na shimo la kutega takataka nzito, zitulie hapo, maji yaendelee. Maana yake ni kwamba waliojenga walikubali toka mwanzo kuwa mtaro utaziba, na kuna mtu atakuja kuufungua na kuusafisha, kwa hivyo wakamwachia mahali pa kuingiza mkono. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Roma nao walikuwa na Cloaca Maxima, mtaro mkuu ambao simulizi zao zinasema ulianzishwa na wafalme wa karne ya 6 KK. Baada ya karne kadhaa, mwaka wa 33 KK, Marcus Agrippa alichukua kazi ya kusimamia huduma za mji. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ameshawahi kuwa konsuli, cheo cha juu kabisa, na alikuwa rafiki wa karibu wa yule aliyekuja kuitwa Augusto. Alisafisha mitaro ya Roma kwa pesa zake, halafu inasimuliwa kuwa alipanda mashua akapita chini ya ardhi ndani ya mtaro mpaka mto Tiber.

Hebu fikiria landlodi wako akifanya hivyo. Mimi nimeshindwa.

London: mpaka harufu ifike bungeni

Mwaka wa 1775 fundi saa mmoja anayeitwa Alexander Cumming, Mskoti aliyeishi London, alipata hataza ya choo cha kuvuta maji chenye bomba lililopinda kama herufi S. Pale kwenye kona maji kidogo hubaki kila mara, na hayo maji huzuia harufu kurudi ndani ya nyumba. Ile kona ya bomba chini ya sinki yako, ile mafundi wanaita trapu, inafanya kazi hiyo hiyo.

Lakini kuzuia harufu kwako si sawa na kuondoa uchafu. Vyoo vya maji vilipoenea London, uchafu wa nyumba uliishia kwa mitaro iliyojengewa maji ya mvua, na mitaro ikaishia mto Thames. Watu wengi walikunywa maji ya huo mto. Kipindupindu kilirudi tena na tena. Mwaka wa 1854 daktari John Snow alionyesha kuwa vifo vya mtaa wa Soho vilizunguka pampu moja ya maji kwenye Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Lakini mitaro ya jiji zima? Bado maneno tu.

Halafu likaja joto la 1858. Mto ukanuka vibaya sana, na jengo la Bunge liko pale pale ukingoni. Wakaloweka mapazia ya Bunge kwa dawa ya chokaa ili wavumilie. Haikusaidia. Sheria ya kujenga mfumo mpya ikapita kwa siku 18. Miaka yote ya maskini kufa haikufanya kile pua za wabunge zilifanya kwa siku 18.

Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makuu ya kama kilomita 130. Kazi nzuri kabisa, sehemu kubwa inatumika hadi leo. Lakini mwaka wa 1866 kipindupindu kilirudi, na zaidi ya watu 5,000 wakafa mashariki mwa London. Kwa nini mashariki? Kwa sababu huko ndiko mfumo mpya ulikuwa bado haujakamilika. Upande wa maskini uliwekwa mwisho wa foleni.

Nairobi: uchafu ulipewa upande wake

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1899 reli kutoka Mombasa ilifika mahali ambapo Wamaasai waliita Enkare Nairobi, maji baridi. Wajenzi wa reli walitaka tambarare ya kuwekea stesheni na karakana kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Wakapata tambarare, lakini yenye kinamasi. Mahali kama hapo maji hayatoki haraka, na majitaka ni hivyo hivyo.

Mwaka wa 1902 tauni ilizuka kwa bazaar ya Wahindi. Mitaro ilikuwa mibovu na watu wamesongamana. Serikali ya kikoloni ikachoma bazaar. Mwaka wa 1913 akaletwa Profesa William Simpson kuchunguza mambo ya usafi, na moja ya mapendekezo yake ilikuwa watu wakae mbalimbali kwa rangi. Ona hiyo hesabu: shida ni mtaro, jibu ni kutenganisha watu.

Wazungu wakakaa magharibi na kaskazini, juu, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Waafrika wakasukumwa mashariki, chini, kwenye ule udongo mweusi unaoshika gumboot yako wakati wa mvua. Pumwani ikaanzishwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, na watu wengi wakawa wanatumia vyoo na maji ya kushirikiana. Mito ya Nairobi yenyewe hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Hata mitambo mikubwa ya kusafisha majitaka ya jiji iko mashariki, Ruai. Wahandisi watakuambia ni mteremko tu, na ni ukweli, maji hushuka. Lakini kuamua nani akae mwisho wa mteremko, hiyo haikuamuliwa na maji.

Ndiyo maana niliposimama mbele ya sinki yangu nikitazama wali wa mtu mwingine, niliona kitu kikubwa kuliko sinki. Ploti yetu ni Nairobi iliyosimamishwa wima. Juu wanamwaga, chini tunapokea, na mwenye kuamua haishi hapo. Hiyo harufu haijawahi kufika kwake.

Chemba iko wapi?

Fundi alikuja na waya mrefu wa chuma wa kuzungusha. Akajaribu kwangu, ukakwama. Akauliza swali moja: "Chemba iko wapi?"

Hakuna mtu aliyejua. Watu 24 wanalipa kodi na hakuna anayejua mahali bomba letu hufunguliwa. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili, amekaa hapo miaka mingi, akakumbuka: iko chini ya lile duka la mbele. Landlodi alipoongeza duka, alimwaga simiti juu ya chemba.

Watu wa Mohenjo-daro waliacha kifuniko cha kuinua. Sisi, miaka 4,500 baadaye, tumemwaga simiti juu yake ili tupate kodi ya duka.

Tulimpigia landlodi simu, wapangaji wanane tukiwa tumesimama hapo, simu ikiwa kwa spika. Fundi akamweleza kwamba palipoziba si kwa mtu, ni kwa bomba la wote. Akabisha. Jirani yangu mwenye watoto akachukua simu, akamwambia polepole tu, "Baba, mtoto wangu amehara mara tatu mwezi huu. Njoo ulale kwangu usiku mmoja wa siku ya maji." Kimya. Halafu akasema vunjeni.

Ndani kulikuwa na donge jeupe kama mshumaa mkubwa. Mafuta ya kupikia yaliyoganda, nywele za kusuka, vipande vya sabuni, kijiko. Mwaka wa 2017 London walipata donge la aina hiyo chini ya Whitechapel, urefu wa mita 250, uzito wa tani 130. Tena ni mashariki mwa jiji. Letu lilikuwa dogo lakini ni ndugu.

Kazi yote ilikuwa 4,800. Landlodi alilipa nusu, sisi nyumba 24 tukatoa mia mia. Na chemba sasa ina kifuniko kinachofunguka, ndani ya duka, kando ya friji ya soda.

Kile nimejifunza, ili usilipe bure

Kwanza, jua ni nani ameziba. Kama maji yanakwama wakati wewe unamwaga, na majirani wako sawa, shida iko kwako. Kama mfereji wako umefungwa na maji yanapanda, hiyo si yako, ni ya bomba la wote. Rekodi video, sauti ya maji na mfereji ukiwa umefungwa. Ndiyo risiti yako.

Ikiwa ni kwako, weka ndoo chini, fungua trapu kwa mkono, osha, rudisha. Mara nyingi uchafu uko hapo tu. Au tumia kile kipira cha mpini wa mbao: acha maji kidogo yafunike mpira, ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa, sukuma na uvute mara 20 bila haraka.

Magadi ya kuoka na siki unayoona kwa video za watu? Povu ni hewa tu, na hivyo viwili vinamalizana nguvu. Donge la mafuta linacheka. Zile dawa kali za kuzibua nazo zinachoma ngozi na macho, na usiwahi kuzichanganya na dawa ya klorini wala dawa nyingine yoyote, hewa inayotoka inaweza kukuua. Kwa ploti kama yetu kuna lingine: ukiimwaga juu na bomba limeziba, inapanda kwa sinki ya mtu wa chini, mahali watoto wanaosha mikono.

Kuzuia ndiyo rahisi. Kichujio cha sinki ni bei ya soda. Pangusa sufuria na gazeti kabla ya kuosha. Mafuta yaliyotumika weka kwa mkebe, yakiganda tupa na takataka. Ukoko wa ugali uende kwa ndoo, si kwa tundu.

Lakini kichujio hakitoshi kama chemba imezikwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango kinachostahili. Haisemi isipokuwa wa chini.

Jumapili iliyofuata maji yalikuja. Nilizima muziki nikasikiliza. Watu wakaosha, wakamwaga, ghorofa zote sita, na sinki yangu ikakaa kimya. Jioni kijana wa ghorofa ya tano akashuka na mkebe wa mafuta ya viazi, akaniuliza anatupa wapi. Hatujawahi kuongea kabla ya hapo.

Niambie hapa chini: kwenu chemba iko wapi? Kama hujui, uliza leo jioni, kabla siku ya maji ifike.